Vya Sikukuu na Vya Kila Siku

Liko lalamiko moja ambalo limezoeleka sana katika vyumba vya walimu, katika mikutano ya wazazi na katika baraza za wazee. Husemwa kwamba watoto wa siku hizi wameharibika kwa kuwa wamezoezwa raha. Wanakula wali siku ya Jumanne bila ya kushangaa. Wanakunywa chai yenye sukari kila asubuhi bila ya kushukuru. Wanavaa viatu, tena jozi mbili, na bado wananung'unika. Msemaji hufuatisha hapo habari za utoto wake. Wali aliuona Idi kwa Idi, au Krismasi kwa Krismasi. Viatu alivivaa kwa mara ya kwanza alipochaguliwa kuingia sekondari. Mkate wa ngano uliletwa na mjomba kutoka mjini, ukakatwa vipande vyembamba ili kila mtoto wa nyumba apate japo wa kuonja. Kisha huhitimisha kwa kusema: sisi tulilelewa, hawa wamedekezwa.

Makala haya yanakusudia kulipinga lalamiko hilo. Habari zinazosimuliwa na wazee wetu ni za kweli, wala hatuna haki ya kuzicheka. Tunachokipinga ni funzo wanalolitoa katika habari hizo. Na tukishalipinga, itatubidi tuwageukie pia watu wa upande wa pili, wale wanaodhani kuwa maadamu vilivyokuwa vya anasa sasa vimejaa madukani, basi tumekwisha kuendelea. Makundi haya mawili hubishana kila siku, lakini kosa lao ni moja: yote mawili humtazama mlaji akila, wala hayamwulizi mpishi.

Tuanze na hali yenyewe ilivyokuwa. Katika vijiji vingi vya Tanzania, katika miaka ya 1950 na 1960, na mahali pengi hata katika miaka ya 1970, chakula cha kila siku kilikuwa ugali wa mahindi, wa mtama, wa uwele au wa muhogo, ama ndizi kwa watu wa Kagera, Kilimanjaro na Rungwe, kufuatana na ardhi na mvua ya kila mahali. Wali ulikuwa chakula cha sikukuu, isipokuwa kwa wenyeji wa pwani na wa mabonde ya mito waliolima mpunga wenyewe. Sukari ilinunuliwa kwa vipimo vidogo vidogo, ikafungiwa sandukuni, na ikatolewa alipofika mgeni. Sabuni ya kunukia ilikuwa ya bibi arusi. Mtoto aliogeshwa kwa sabuni ya mche, ile ile ya kufulia nguo. Wengi walilala juu ya mkeka, au juu ya ngozi, au juu ya kitanda cha kamba kiitwacho teremka-tukaze. Godoro la sufi lilikuwa la baba mwenye nyumba, na la sponji lilikuwa habari ya mjini. Redio ilimilikiwa na mtu mmoja katika mtaa, na betri zake zilianikwa juani zilipodhoofika, ili zipate uhai wa siku mbili tatu zaidi. Nyumba iliyoezekwa kwa bati ilitosha kumwelekeza mgeni njia, maana ilikuwa peke yake. Televisheni ilianza Zanzibar mapema katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa nayo hadi mwaka 1994.

Hapana shaka mtoto aliyekua hivyo alikijua kitu kwa undani. Alijua sukari inavyong'aa mkononi, alijua harufu ya kiatu kipya, na aliweza kukumbuka kwa miaka mingi ni sikukuu gani alipewa nini na nani. Wazee wanapolikumbuka jambo hilo wanakumbuka furaha ya kweli. Lakini wakisema kwamba uhaba ndio uliowafundisha adabu, hapo wanaupa uhaba sifa isiyokuwa yake. Adabu walifundishwa na wazazi wao, na bibi zao, na jando na unyago, na walimu wao. Uhaba wenyewe ulifundisha mambo mengine kabisa.

Jambo la kwanza uliofundisha ni ubaguzi ndani ya nyumba. Chakula kizuri kilipokuwa kidogo hakikugawanywa kwa haki. Nyama ilikwenda kwa wanaume, na watoto wakabakiwa na mchuzi. Katika makabila kadhaa nchini mayai yalikuwa mwiko kwa wanawake na watoto, na mwanamke mwenye mimba aliambiwa kwamba akila yai mwanawe atazaliwa kipara. Walimu wa sayansi kimu na wauguzi wa zahanati walihangaika kwa miaka mingi kuiondoa imani hiyo, kwa kuwa waliokatazwa mayai ndio hasa waliokuwa na haja nayo. Tuseme wazi: mwiko ule uliilinda sahani ya baba. Ulikuwa sehemu ya utamaduni wetu, ndiyo, lakini ulikuwa utamaduni uliozaliwa na uhaba, na yai lilipokuwa kitu cha kawaida mwiko ule ulianza kufa wenyewe. Anayelilia siku za yai la sikukuu na ajiulize kwanza kama katika siku hizo yeye alikuwa upande wa waliolila au upande wa walioambiwa kuwa litawadhuru.

Jambo la pili taifa zima limelishuhudia, tena si zamani sana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na vita vilivyofuata hadi mwaka 1979 viliigharimu nchi fedha nyingi. Hata kiwanda cha sukari cha Kagera kiliharibiwa. Mwaka huo huo wa 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda kwa mara ya pili. Vitu ambavyo watu walikuwa wamekwisha kuvizoea vikarudi kuwa anasa: sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, dawa ya meno, khanga. Watu walipanga foleni alfajiri kwenye maduka, na wengine waliweka jiwe liwashikie nafasi. Akina mama walifulia nguo kwa majani ya mpapai. Basi, kama uhaba ungekuwa mwalimu wa adabu, miaka ile ingetupatia taifa la malaika. Ilitupatia walanguzi. Ilitupatia mwenye duka anayeficha sukari chini ya meza ili amuuzie ndugu yake, na karani anayegeuza kibali kuwa mtaji. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, bidhaa zilifichuliwa katika maghala, na nyingine zikakutwa zimetelekezwa maporini. Mwaka uliofuata Serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, na rafu za maduka zikaanza kujaa tena. Tulichojifunza ni kwamba uhaba haumtakasi mtu. Humtia majaribuni, na wenye nguvu ndio wanaoanguka kwanza, kwa maana ndio wenye cha kuficha.

Hata hivyo mzee wetu anaweza kujibu: sawa, lakini mtoto asiyeshangaa hana shukrani. Hebu na tumtazame mzee huyo huyo akiwa mezani. Anatia chumvi katika mchuzi wake, na hashangai hata kidogo. Walakini chumvi ilikuwa mali. Huko Uvinza, karibu na Mto Ruchugi, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wakati wa kiangazi walikusanyika huko watu kutoka nchi za mbali, wakakata kuni, wakachemsha maji katika vyungu, na chumvi waliyoipata ilichukuliwa kwa miguu safari za siku nyingi na kubadilishwa kwa majembe, mifugo na nafaka. Kwa mtu wa bara katika karne ya 19, chumvi ya kutosha ilikuwa dalili ya neema. Je, kizazi kilichoanza kutia chumvi katika mboga kila siku kilikuwa kizazi kilichodekezwa? Hakuna asemaye hivyo. Kila kizazi huona kuwa ya kawaida baadhi ya mambo ambayo mababu waliyaota, na hakuna haki ya kuchagua mwaka wa utoto wetu sisi na kuufanya mpaka ambao maisha mema yasiupite.

Kwa hiyo anasa ikigeuka kuwa kitu cha kawaida kwa watu wote, hiyo ni kazi njema iliyofanyika. Mtoto anayekula yai bila ya kushangaa ni ushahidi wa jasho la watu. Hapo ndipo lalamiko la wazee linapokwisha, na hapo ndipo swali kubwa zaidi linapoanza: ni jasho la akina nani?

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kundi la pili, la wenye kushangilia, wameviona vyombo vinaelea, wakaingia, wakasafiri, wala hawakuuliza habari za waundaji. Wao huhesabu maendeleo kwa kuhesabu vitu: simu mkononi mwa mwanafunzi, soda katika kila kibanda, mtumba wa ng'ambo mgongoni mwa mkulima. Lakini kitu kinaweza kuwa cha kawaida katika matumizi na kikaendelea kuwa cha kigeni katika asili yake. Kitu cha namna hiyo tumekopeshwa tu. Siku mwenyewe akikitaka, au meli ikichelewa, au fedha za kigeni zikipungua, kinarudi kuwa anasa kama kilivyofanya katika miaka ile ya foleni.

Historia ya nguo inatosha kutufundisha. Wataalamu wa mambo ya kale wamefukua Kilwa vigae vilivyotobolewa vya kusokotea uzi, dalili ya kwamba watu wa mji ule walisokota pamba karne nyingi kabla ya Mreno kufika. Watu wa Ufipa walifuma nguo za pamba kwa mikono yao, na wasafiri wa karne ya 19 waliziona. Kisha ikaja merikani. Wafanyabiashara wa Salem, huko Marekani, walianza kufika Unguja katika miaka ya 1820, na mwaka 1833 nchi yao ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said. Nguo yao nyeupe ngumu ikawa ndiyo fedha ya misafara: kwayo walilipwa wapagazi, kwayo walipewa watemi hongo ya kupitia katika nchi zao, na kwayo zilinunuliwa pembe za ndovu. Mwanzoni mwenye kuvaa merikani alikuwa mtu mkubwa. Baadaye kila mtu aliivaa. Anasa ilikuwa imekwisha kuwa ya kawaida, na huko nyuma mfumaji wa Ufipa alikuwa amekwisha kuweka chini kitanda chake cha kufumia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani kati ya mwaka 1861 na 1865, nguo ile iliadimika pwani, na wafanyabiashara wengine wa ng'ambo wakaingia kujaza pengo. Sisi tulikuwa wavaaji tu, na mvaaji habishani na mfumaji.

Baada ya Uhuru tulijaribu kulijibu swali hilo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na khanga na vitenge vyake vilivaliwa nchi nzima. Viwanda vingine vya nguo vilijengwa Mwanza na Musoma, karibu na mkulima wa pamba. Palikuwa na makosa ndani ya jitihada hizo, na wanafunzi wetu wanastahili kuambiwa ukweli wake. Mfano wa kusikitisha ni kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kuanza kazi mwaka 1980. Kilikusudiwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya viatu hivyo iuzwe Ulaya. Hakikupata kutumia ila sehemu ndogo sana ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Fikiri, ndugu msomaji: katika nchi ambayo mtoto alikwenda shule pekupeku, kiwanda kikubwa cha viatu kiliundwa kwa kuitazama miguu ya Mzungu! Waliokipanga hawakuwa na nia mbaya. Ila waliamini kuwa kitu kizuri ni kile kitakachokubaliwa ng'ambo. Na leo, sehemu kubwa ya pamba yetu bado huuzwa nje kabla haijasokotwa, nasi tunanunua kwa mabunda nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine. Nguo ya kuazima, walisema wahenga, haisitiri matako. Hatumlaumu anayevaa mtumba, maana amevaa anachokimudu. Tunalaumu fikra inayouona mtumba kuwa mwisho wa safari.

Liko pia jambo la chakula, ambalo linaingia ndani zaidi, kwa kuwa kinywa ndicho kinachofundishwa kwanza. Mkate wa ngano ulipokuwa wa sikukuu ulipendwa, na haukumdhuru mtu. Ulipokuwa wa kila siku ulikuja na dharau. Leo wako wanafunzi wanaoona haya kufungua mbele ya wenzao chombo chenye kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha, lakini hawaoni haya kwa slesi mbili kavu. Huku ndiko kuacha mbachao kwa msala upitao, nao msala huu hupita kweli kweli. Sehemu kubwa ya ngano tuilayo hununuliwa nchi za nje. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ya ngano ilipanda duniani, na mtu wa Tandale au wa Mwanjelwa, ambaye hakuwa na ugomvi na yeyote, aliilipia vita hiyo kwa mkate wake. Uwele wa Dodoma na muhogo wa Mtwara havina habari na vita ya namna hiyo.

Linganisha na wali. Wali nao ulikuwa wa sikukuu, nao umekuwa wa kila siku kwa mamilioni ya watu. Lakini huu umekuwa wa kawaida kwa sababu mkulima wa Mbarali, wa Kyela, wa Kilombero, wa Kahama na wa Shinyanga ameuwezesha kuwa hivyo. Alichimba majaruba, alitengeneza mifereji, alipanda, alifukuza ndege, alivuna. Tanzania imekuwa nchi inayoongoza kwa mpunga katika Afrika Mashariki, na mchele wake huvuka mipaka kwenda kuuzwa kwa jirani. Hii ndiyo anasa iliyogeuka kuwa kawaida kwa njia ya haki: sinia la Idi limeingia katika siku ya Jumanne kwa mkono wa mwenyeji. Mtoto anayekula wali huo hana deni la kushangaa. Deni alilo nalo ni kumjua aliyeulima na kumheshimu.

Hatuwezi kufunga hoja bila ya kutaja vile ambavyo vingepaswa kuwa vya kawaida zamani, na bado ni vya anasa. Mwaka 1971 nchi ilijiwekea lengo kwamba katika muda wa miaka 20 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulifika na kupita, na hata leo wako wasichana wanaoamka usiku kufuata maji kabla ya kwenda shule. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na nguzo za umeme zimekwisha kufika karibu vijiji vyote vya Bara. Hiyo ni kazi ya kujivunia. Lakini nguzo kijijini na taa nyumbani ni mambo mawili, na ziko nyumba nyingi ambazo waya hupita juu ya paa huku mtoto akisoma kwa mwanga wa koroboi. Kwa hiyo mwalimu anaposimama mbele ya darasa na kusema, "Ninyi mmezoea raha," anapaswa kuangalia anamwambia nani. Katika dawati moja yupo ambaye kwake bomba ni kitu cha kawaida, na yupo ambaye maji aliyoyaoga asubuhi ameyachukua kichwani. Neno "watoto wa siku hizi" huwafunika wote wawili kwa shuka moja, na aliye baridini haonekani.

Nini basi tuwafundishe? Tuwafundishe kuuliza. Kila mwanafunzi na achague kitu kimoja cha kila siku nyumbani kwao: sabuni, daftari, ndala, sukari, kiberiti. Awaulize babu na bibi yake kilianza lini kuonekana hapo kijijini, nani alikuwa nacho kwanza, kilinunuliwa kwa bei gani au kwa debe ngapi za mahindi, na wasiokuwa nacho walitumia nini. Kisha afuate njia ya kitu hicho nyuma hadi kiwandani, shambani au bandarini. Kazi hiyo haihitaji vitabu vya kutoka ng'ambo wala fedha. Itampa mzee nafasi ya kusimulia bila ya kulaumu, na itampa kijana heshima kwa kazi ambayo hakuiona. Mwanafunzi akirudi darasani na habari ya kwamba sukari ya nyumbani kwao imetoka Kilombero, na daftari lake limetoka mbali, atakuwa amejifunza siasa, jiografia na historia kwa pamoja, na atakuwa na swali ambalo mwalimu wake hawezi kulijibu peke yake.

Wazee wetu, msiwaonee wivu wajukuu kwa wali wa Jumanne. Mliwalimia ninyi. Nanyi vijana, msiridhike na kupokea. Kizazi kilichotangulia kiliona viatu dukani kikatamani kuvivaa, na sasa mmevivaa. Lililobaki ni ninyi kuvishona, ili mtoto wa mwisho katika kijiji cha mwisho avae naye, wala asione ajabu.